Kanga Kwenye Nguzo ya Wavu

Marahaba. Najua hamjaniamkia, macho yenu yako kwenye simu, lakini nimeitikia mapema ili tusicheleweshane. Nimeombwa niwaandikie vijana wa klabu kuhusu miaka yangu ya kufundisha tenisi hapa Mwanza, na aliyeniomba alisisitiza niandike kwa ufupi. Mimi ni Mhaya. Kumwambia Mhaya ajieleze kwa ufupi ni kumwonea, ila nitajitahidi.

Wengi wenu mnanijua kama Mwalimu Koku, yule mama mstaafu anayekaa kwenye benchi karibu na roli la kushindilia udongo na kutoa maoni bila kuombwa. Jirani yangu pale ni korongo, yule anayesimama juu ya uzio kila jioni kama mkaguzi wa shule. Nampenda kwa sababu anaufuata mpira kwa macho mpaka unapotua. Sitaji majina, lakini wapo kati yenu ambao hawajafikia kiwango hicho.

Juzi niliwaangalia mkifanya mazoezi. Mlipiga mipira mingi, mkatoka jasho, mkapigana picha. Nikamwita mmoja wenu nikamuuliza siku hiyo alikuwa anafanyia kazi kitu gani. Akasema alikuwa anapasha tu. Jioni nzima anapasha! Kiporo chenyewe hakipashwi muda wote huo. Mtu anayepiga mpira bila kujua anataka uende wapi anajizoesha kuupeleka popote, na siku ya mechi ndiko utakakokwenda. Vueni kandambili zenu, moja iwekeni kona ya kulia ya mwenzenu, nyingine kona ya kushoto, na msizivae mpaka mzigonge. Udongo wetu ukipigwa na jua la mchana unachoma nyayo, kwa hiyo mtajifunza kulenga haraka.

Na mkishajifunza kulenga, pigeni mshazari. Nimelisema hili mpaka mume wangu alikuwa akilisema usingizini. Wavu katikati uko chini kuliko pembeni, na uwanja kutoka kona hadi kona ni mrefu kuliko ukinyoosha na mstari. Mpira wa mshazari unapita mlango mpana na kukuta chumba kikubwa. Lakini ninyi mnaona kwenye televisheni mtu ananyoosha mpira kando ya mstari, watu wanashangilia, basi na ninyi mnanyoosha. Yule wa kwenye televisheni amepiga mshazari mara nyingi sana kabla ya hapo, tatizo mlikuwa mnajibu ujumbe.

Lakini nisiwacheke sana, kwa sababu nilipoanza mimi nilikuwa kituko. Nilikuwa nimetoka kwenye kozi, nina filimbi mpya shingoni. Niliwapanga watoto mistari miwili kama gwaride, nikawafundisha kupunga raketi hewani bila mpira, juu, chini, tena, juu, chini. Niliamini mkono ukishajua njia, mpira utafuata wenyewe. Wiki zikapita. Siku moja Mzee Lugembe akasimama pembeni, akatuangalia kwa makini, akaniuliza kwa upole kabisa kama hawa watoto nawafundisha kufukuza nzi.

Huyo Mzee Lugembe ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa Msukuma mrefu, mkimya wa sura, mwenye kofia ya pama ambayo hakuivua hata akicheza. Ujanani alifanya kazi kiwanda cha kuchambulia pamba, ambako mameneja walikuwa na kiwanja chao cha udongo wa kichuguu na yeye ndiye aliyekitunza. Siku waliyokosa mtu wa nne wakampa raketi, na hawakuipata tena. Alinifundisha kuvunja kichuguu, kukiponda, kukichekecha, kukimwagia maji ya ziwa na kukivutia roli mpaka kiwe kigumu kama sakafu. Hapo ndipo ilipotoka ile sheria ya kutokanyaga kiwanja na viatu vya shambani, ambayo hata mkuu wa wilaya aliwahi kukumbushwa.

Alinifundisha pia upepo. Ninyi mnaulaani, yeye aliuona kama mchezaji wa tatu. Asubuhi unatoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana unageuka na kurudi na baridi yake. Mchana ukiwa umelipa ziwa mgongo, upepo unausukuma mpira wako, kwa hiyo punguza. Ukiwa unalitazama ziwa, piga kwa nguvu bila hofu, na ukitaka mpira mfupi unaofia karibu na wavu, upige hapo hapo, upepo utaushika. Vijana wa kutoka miji isiyo na ziwa walikuwa wakija kucheza nasi tunawakaribisha chai ndefu asubuhi. Mechi tunaanza mchana. Walituita wakarimu.

Sasa niwaambie silaha kubwa ya Mzee Lugembe, ambayo haimo kwenye video yoyote mliyonayo. Ilikuwa salamu.

Mnajua kwamba kwenye tenisi wachezaji wanabadilishana upande baada ya gemu ya kwanza, kisha kila baada ya gemu mbili. Pale kwenye nguzo ya wavu, penye dumu la maji, mzee alikuwa anasimama, anapumua, anakusubiri umwamkie. Unasema shikamoo, anasema marahaba, halafu anaanza. Nyumbani hawajambo? Mama mguu umepona? Yule mdogo wako aliyefeli mtihani amepata shule? Anauliza kwa upendo wa kweli, macho yamelegea, na wewe uliyelelewa vizuri utajibu kwa sauti ya adabu, huku kichwani unaanza kumwaza yule mdogo wako aliyefeli. Ukirudi kwenye mstari kuanzisha mpira, wa kwanza kwenye wavu, wa pili kwenye wavu. Mimi mwenyewe sikuwahi kumfunga. Nilizaliwa na kulelewa Bukoba, kwetu wadogo hawaachi swali la mkubwa likining'inia, na yeye alilijua hilo kabla hajajua jina langu.

Kikosi cha mkoa kilikuwa na nafasi mbili za wanaume, mbili za wanawake, na moja tuliyoiita ya yeyote. Hiyo ya yeyote ilikuwa ya Mzee Lugembe mwaka hadi mwaka, ingawa nywele zilikuwa zimeshakwisha chini ya kofia. Alisema atampa atakayemfunga, na vijana wenye misuli walikuja mmoja mmoja wakaondoka wakiwaza habari za nyumbani.

Kisha akaja Kabula.

Kabula alikuwa binti wa Usagara, hii ya huku Usukumani, aliyekaa Buhongwa hapa mjini kwa shangazi yake ili asome sekondari. Shangazi huyo, Mbuke, ndiye aliyekuwa mpishi wa jiko la klabu. Binti akitoka shule alikuja kumsaidia kuosha sufuria, na akimaliza alichukua raketi iliyokatika nyuzi mbili na mpira uliokwisha manyoya, akaenda kupigia lile jabali lililo nyuma ya jiko. Mnalijua, ndilo mnalokaa kupiga picha za machweo. Ninyi mkikosa ukuta laini mnaahirisha mazoezi. Jabali halina adabu ya ukuta, mpira ukiligonga unaweza kurudi kulia, kushoto au kwenye meno yako. Kabula alijifunza kujirusha kidogo kwa ncha za vidole vya miguu kila mpira ulipokaribia jiwe, ili awe tayari kwenda kokote. Hicho kiruko kidogo ndicho ninachowapigia kelele kila siku, na yeye alifundishwa na jiwe.

Nilimchukua. Alikuwa mpole kuliko kawaida, hata kwa Msukuma. Alipiga mpira mzito, alikimbia vizuri, na aliomba radhi kila alipopata pointi. Alipomaliza kidato cha nne, baba yake akatuma ujumbe kwamba shule imekwisha, arudi nyumbani akashike jembe na mama yake. Shangazi Mbuke akapanda gari kwenda Usagara kumbembeleza kaka yake. Alirudi na jibu moja: kama huo mchezo una maana yoyote, basi aonekane kwenye kikosi cha mkoa kinachokwenda Dar es Salaam, hapo atakaa Buhongwa na kuendelea. La sivyo, atakuja kumchukua mwenyewe.

Nafasi mbili za wanawake zilikuwa na wenyewe, dada wawili waliomzidi Kabula kwa miaka na kwa ubavu. Ilibaki ile ya yeyote.

Niliwakutanisha kwanza kwa mechi ya kirafiki. Kabla hawajaanza, Kabula akagundua shida ambayo sikuifikiria: amevaa kaptura, na hawezi kupiga goti mbele ya mzee na kaptura. Akaomba ruhusa, akakimbia jikoni, akarudi na kanga. Akaitundika kwenye nguzo ya wavu. Kila wakibadilishana upande alijifunga, akapiga goti, akaamkia, akajibu habari za ng'ombe, za mama, za mvua ya Usagara, akafungua kanga, akaitundika, akaenda kupoteza gemu. Ule msumari mnaotundikia mabegi yenu pale nguzoni niliupigilia mimi siku hiyo, kwa sababu kanga ilikuwa inaanguka kwenye udongo.

Alipigwa vibaya sana. Nikamkalisha jikoni nikamuuliza kwa nini hakumpigia mipira mifupi, maana mzee alisimama nyuma kabisa muda wote kama anangoja kuletewa chakula. Akanitazama kana kwamba nimemtuma kuiba.

"Mwalimu," akasema, "nimkimbize babu?"

Nikamwambia heshima si utumwa. Akasema ndiyo mwalimu, kwa ile sauti yenu ambayo maana yake ni hapana.

Hapo nikakaa na kufikiri kama mwalimu badala ya kulalamika kama mama mkwe. Tulikuwa tunafanya mazoezi kwenye ukimya, na mechi yetu haikuwa na ukimya. Mazoezi yasiyofanana na mechi ni matembezi. Kwa hiyo nikakusanya wasalimiaji. Shangazi Mbuke alitoka jikoni na mwiko mkononi. Mlinzi wa getini akaja, na muuza karanga, na mama wa ofisini anayependa habari za watu. Kila baada ya gemu mbili mmoja wao alimvamia Kabula kwa salamu, na kazi yake ilikuwa ni kujibu kwa kifupi na kuondoka. Hakuweza. Alijibu yote, mpaka muuza karanga akajua ukoo mzima wa Usagara na ndama gani anaharisha.

Basi nikaacha kumbadilisha binti, nikabadilisha mbinu. Ajibu anavyotaka, ila akimaliza salamu atembee mpaka nyuma ya mstari, aupe wavu mgongo, atazame nyuzi za raketi yake, na asigeuke mpaka ameamua mpira wa kwanza utatua wapi. Hili lifanyeni na ninyi, hata kama anayewavuruga si mzee wa salamu bali ni rafiki yenu anayewarekodi. Na kwa ile mipira mifupi, nikaweka kandambili yangu ya kijani hatua chache kutoka kwenye wavu. Nikamwambia kuanzia leo humkimbizi mzee yeyote, unalenga kandambili ya mwalimu wako. Hilo akalikubali mara moja. Akawa anautua mpira pale kwa utaratibu kama mtu anayerudisha yai kwenye kiota.

Siku ya mechi baba yake alifika mapema kuliko wachezaji. Alikuwa mtu mfupi, amevaa koti la kanisani na mabuti ya mvua, fimbo mkononi, na chini ya kwapa ameshika mfuko wa salfeti mtupu. Nikajua mfuko ni wa nguo za Kabula. Nilimwonyesha benchi na nikamwomba radhi kuhusu mabuti na udongo. Akasema anaelewa, hata zizi lina sheria. Halafu akaniambia wazi wazi kilichomo moyoni.

"Mwalimu, mchezo huu unamfundisha binti kushindana na watu wazima. Leo na huyu mzee. Kesho atashindana na mimi."

Nilipanda kwenye kiti cha refa. Niliona wazi kwamba binti akishindwa atarudi Usagara kwa sababu ameshindwa, na akishinda huenda akarudi kwa sababu ameshinda.

Tulicheza seti fupi, utaratibu ambao Mzee Lugembe mwenyewe aliuanzisha kwa kuwahurumia wazee, na mzee alikuwa mmoja. Seti ya kwanza ilikuwa ya mzee. Salamu zilinoga kuliko siku zote, maana baba mtu alikuwepo na habari za Usagara zilikuwa mbichi. Kabula alijifunga kanga, akapiga goti, akajibu. Baba yake pale kwenye benchi alitikisa kichwa kwa kuridhika na malezi yake. Mimi juu ya kiti nilitamani kushuka nikamnyanyue. Akigeuka kutazama nyuzi za raketi, namwona midomo inacheza, nadhani alikuwa anaomba, na mpira ukaenda kwenye wavu. Kutangulia si kufika, nilijiambia, lakini sikujisadiki.

Seti ya pili ilipoanza, upepo ulikuwa umeshageuka na unatoka ziwani. Gemu ya kwanza ikaisha, wakaja nguzoni kubadilishana. Hapo Kabula alifanya kitu ambacho hatukukifanyia mazoezi. Alifika mbele ya mzee, akajifunga kanga haraka, na mzee kabla hajaweka hata raketi chini, tayari binti yuko magotini.

"Mwadila, babu," akamwamkia kwa Kisukuma, na akaendelea.

Aliuliza kuhusu bibi. Aliuliza macho ya bibi, kama ile dawa ya kudondoshea imesaidia. Aliuliza mtoto wake aliyeko Shinyanga, mke wa mtoto huyo, na wajukuu mmoja mmoja kwa majina. Akaingia zizini, akaulizia ng'ombe, akaanza na yule mwenye pembe iliyopinda. Mzee Lugembe alijibu swali la kwanza kwa furaha, la pili kwa furaha, la tatu akatazama kiwanja. Lakini mzee wa Kisukuma wa hadhi yake hawezi kumpa mgongo binti aliyepiga goti na kuuliza hali ya mji wake, tena baba wa binti anaangalia. Akajibu yote. Jasho likamkaukia mgongoni kwa ule upepo, na miguu ikapoa.

Kanuni zinasema refa asiruhusu mchezo kucheleweshwa. Niliifikiria hiyo kanuni. Kwa miaka yote hiyo hakuna refa aliyethubutu kumkatisha Mzee Lugembe akisalimia, na sikuona kwa nini nianze kwa binti anayesalimia vizuri zaidi.

"Na goti, babu?" Kabula akauliza mwisho kabisa. "Nilisikia linakusumbua."

"Goti?" mzee akapaza sauti ili benchi lisikie. "Goti zima kabisa. Nakimbia kama kijana."

"Tunamshukuru Mungu," akasema Kabula. Akainuka, akatundika kanga, akaenda nyuma ya mstari kutazama nyuzi zake.

Alikuwa upande wa barabara, analitazama ziwa. Mpira wa pili uliorudi kwake akaukata mfupi, upepo ukaushika, ukafia mahali ambapo kandambili yangu ingekuwa. Mzee aliuangalia kutoka mbali. Hakuwa na pa kulalamikia, habari za goti alizitangaza mwenyewe. Uliofuata akaukimbilia, akaufikia kwa shida, na Kabula akampitishia mwingine juu ya kofia. Nilisikia kicheko kidogo kutoka kwenye benchi, kikazimwa haraka.

Ningependa sana kuandika hapa kwamba mbinu hiyo nilimfundisha mimi, na Mhaya mwingine angeandika. Nilimfundisha azikimbie salamu. Yeye akaona kwamba mtu aliyelelewa vile hawezi kuzikimbia, basi akazitanguliza. Tangu siku ile kila mwanafunzi wangu mpya nilimuuliza kwanza yeye ni mtu wa namna gani, ndipo nikamwambia ashikeje raketi.

Seti ya pili ikawa ya Kabula. Kabla ya seti ya tatu mzee alikuja nguzoni, akanywa maji, akasema "habari" fupi kabisa, akapita. Nikajua salamu zimekwisha na sasa tutaona tenisi. Vijana, sikuwahi kumwona akicheza vile. Miaka yote hakuhitaji. Alikata mipira ikasokota kwenye udongo, akaisukuma kona hii na kona ile bila haraka, mpira wenyewe ukaonekana unamtii. Kabula hakumwomba radhi hata mara moja. Alipiga mshazari, mshazari, mshazari, akisubiri mzee afungue mlango, na kila mpira ulipokuwa unaondoka kwenye raketi ya mzee nilikiona kile kiruko kidogo cha ncha za vidole. Baba yake alikuwa ameacha kuegemea benchi. Fimbo ilikuwa chini na mkono umefunika mdomo.

Pointi ya mwisho mzee alikuja mbele kwenye wavu, amenyanyua raketi, ameziba njia zote mbili. Kumpita ilibidi kupiga karibu na mwili wake, na nilijua Kabula hatapiga karibu na mwili wa babu hata kwa kutishiwa. Akaupeleka juu. Ulikwenda juu mno, nikadhani umetoka, mzee naye akadhani hivyo, maana alisimama akiuangalia. Lakini binti alikuwa anapiga kuelekea ziwani. Upepo ukaupokea kule juu, ukausimamisha, ukaushusha ndani ya mstari.

Nilitangaza matokeo. Nilifurahi mpaka nikaogopa.

Kabula alikimbilia kanga. Mzee Lugembe alikuwa ameshafika kwenye wavu, na kabla binti hajamaliza kujifunga, alivua kofia yake. Nilimwona kichwa kwa mara ya kwanza.

"Shikamoo," akasema.

Kabula akageuka nyuma kutazama ni mkubwa gani amefika.

"Nakuambia wewe. Shikamoo."

Binti akaanza kushuka magotini, na mzee akamzuia kwa mkono. "Usipige goti. Nimekusalimu nangoja jibu, na siondoki hapa."

Hakuwa anatania. Mnajua jambo hili kwetu lilivyo: mtoto hamwitikii mzee marahaba, ulimi wenyewe unakataa. Kabula alinitazama mimi, nikaanza kuikagua karatasi ya matokeo. Alimtazama shangazi yake mlangoni mwa jiko, shangazi akatazama mwiko. Mzee alisimama pale, kichwa wazi, upepo unampiga, anangoja.

Baba yake Kabula akainuka. Alizunguka kiwanja kwa nje, polepole, akihakikisha mabuti hayakanyagi udongo, mpaka akafika usawa wa wavu.

"Kabula."

"Abee, baba."

"Mzee amekusalimu," akasema. "Umemshinda kihalali. Mwitikie."

Akaitikia. Ilitoka ndogo kiasi kwamba mzee alisema hajasikia, ikabidi arudie, na mara ya pili tuliisikia sote mpaka jikoni. Mzee Lugembe akavaa kofia yake, akaomba maji. Baba yake Kabula akarudi kwenye benchi, akaokota fimbo, akaukunja ule mfuko wa salfeti mara mbili, akauweka tena kwapani, akaenda nao mtupu Usagara.